Kibao cha Gari na Aliyeketi Ndani



Tulijaaliwa kufika Guangzhou, kusini mwa China, tukimsindikiza mama watoto aliyekwenda kununua vitambaa. Yeye akiwa madukani, sisi tulikuwa barabarani tukitazama magari. Kichina hatukijui, lakini kijana mmoja wa hotelini alitufundisha kusoma vibao vya namba.

Kibao cha kawaida huanza na herufi moja ya Kichina, nayo ni jina la kifupi la mkoa, au la mji wenye hadhi ya mkoa. Yue ni Guangdong, Jing ni Beijing, Ning ni Ningxia. Hu ni Shanghai, na asili yake ni uzio wa mianzi ambao wavuvi wa kale wa huko walitegea samaki. Tukakumbuka nyuzio za mwambao wetu. Kisha hufuata herufi ya Kilatini inayotaja mji, na A kwa kawaida ni makao makuu ya mkoa. Hivyo Yue A ni Guangzhou, Yue B ni Shenzhen. Mwisho huja herufi na tarakimu tano. I na O hazitumiki humo, zisije zikadhaniwa 1 na 0. Kibao cha buluu ni cha gari dogo la kawaida. Cha kijani ni cha gari la umeme, nacho huongezwa nafasi moja.

Jambo hili lina uzito wake. Gari la mkoa mwingine huhitaji kibali kuingia katikati ya Beijing, na huko Shanghai vibao hunadiwa kwa mnada.

Siku ya Ijumaa, nje ya Msikiti wa Huaisheng, tuliona gari la Ning. Ningxia ni jimbo la Wahui, Waislamu wa China tangu enzi na enzi, nalo liko mbali sana na hapo. Tukamwendea dereva kwa bashasha, tukamtolea salamu. Alitabasamu tu, asielewe. Hakuwa Mwislamu, alikuwa akimngoja tajiri wake. "Waalaykumu salaam" ilitoka nyuma yetu, kwa mzee aliyekuwa akifungua gari la Yue A, la papo hapo mjini. Ndiye aliyetufikisha sokoni, akakataa ujira.

Tulipomsimulia mama watoto, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sheikh wangu, na yule kijana wa bara je?"

Tukainamisha kichwa. Kabla ya safari, binti wa ndugu yetu aliposwa na kijana mswalihina, mwenye kazi ya halali. Wazee walipotutaka ushauri, tulisema hatupajui kwao, basi wasubiri. Hatukumwuliza imamu wake, wala jirani zake, wala binti mwenyewe. Tulisoma kibao, tukafunga mlango.

Kibao husema gari limeandikishwa wapi. Hakisemi anayeliendesha ni nani. Suratul Hujurat inatufundisha kwamba makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kujuana hakuishii kwenye swali la "wa wapi?". Ndilo swali la kwanza tu.

Tumerudi salama, alhamdulillah. Tumemwomba ndugu yetu atuitie yule kijana baada ya swala ya Alasiri, Jumamosi hii. Mama watoto ameshasema atapika yeye.

Wabillahi tawfiq.