Kontena si Lile la Bandarini

Haya jamani, mwenzenu niliadimika kidogo hapa kibarazani. Sababu ipo, na leo naianika yote, maana aibu ukiisema mwenyewe watu huchoka kuisema.

Kuna kampuni moja ya mambo ya fedha (jina naliacha, mtanisamehe) iliyotoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba imehamishia mifumo yake kwenye makontena. Mimi mtoto wa Tanga. Nimekulia Chumbageni, honi za meli nazijua kabla sijajua kusoma. Kontena kwangu ni moja tu: lile la chuma, futi 20 au futi 40, lina kutu pembeni na maandishi ya nchi za watu. Basi nikakaa kwenye kompyuta nikaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba kampuni hiyo imeingiza mitambo yake ndani ya makontena ili ikwepe gharama za pango.

Pango!

Meza ya uhariri nayo ikanogewa. Wakatafuta picha ya makontena yamepangwa bandarini, wakaibandika juu ya stori yangu, ukurasa wa tano. Asubuhi ofisa uhusiano wa ile kampuni akapiga simu. Alianza kwa kucheka, halafu akaacha kucheka. Jioni mhariri akaniita, akafunga mlango, akaniambia nina wiki mbili niende nikajifunze jambo hilo nirudi na makala ambayo hata mama yake ataielewa, la sivyo ukurasa wa biashara anampa mtu mwingine. Kwa wasiojua, ukurasa ule niliugombea mwaka mzima.

(Kwa kujitetea kidogo tu: mitambo ya kompyuta ndani ya kontena la chuma si ndoto. Sun Microsystems walionyesha la kwao mwaka 2006, seva zimepangwa ndani, unalibeba kwa lori. Nilimwambia mhariri hivyo. Akaniangalia tu.)

Bahati nzuri Idd ilikuwa karibu, nikapanda basi kurudi nyumbani. Nilijua mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani atakuwa Tanga pia. Yeye ndiye mtu wa mifumo katika kampuni moja huko Dar, kazi yake hasa ni hayo makontena. Tukakutana kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, na baba yangu mdogo alikuwapo, maana pale ndipo anapoishi, nyumbani anakwenda kulala tu.

Mshikaji akaanza na swali. "Unakumbuka ile kazi ya mwisho chuoni? Programu ilifanya kazi kwenye laptopu yangu, tukaipeleka kwenye kompyuta ya maabara ikagoma?"

Nakumbuka, tulikesha. Basi, anasema, huo ndio ugonjwa wenyewe. Programu haitembei peke yake. Inategemea maktaba za programu nyingine, tena za toleo fulani, mipangilio fulani, mafaili yaliyo mahali fulani. Ukiihamisha bila hivyo vyote, inakufa. Zamani dawa ilikuwa kila programu inunuliwe seva yake. Ghali, na seva nyingi zinashinda bila kazi. Baadaye zikaja kompyuta za kufikirika: seva moja unaigawa ziwe kama kumi, lakini kila moja inabeba mfumo wake mzima wa uendeshaji, mzigo mkubwa kama kila abiria wa daladala kuja na injini yake.

Kontena ni njia nyepesi zaidi. Unafunga programu pamoja na vyote inavyovitegemea kwenye kifurushi kimoja, lakini moyo wa mfumo wa uendeshaji, yaani kerneli ya Linux, vyote vinatumia uleule mmoja. Kerneli inaweka kuta, kila kontena linajiona liko peke yake, na inapima nani ale kiasi gani cha kumbukumbu na nguvu za mashine. Kuta hizo zilikuwapo ndani ya Linux miaka mingi, ila kuzitumia ilikuwa shughuli ya mabingwa. Machi 2013, kwenye mkutano mmoja huko Santa Clara, California, kijana anayeitwa Solomon Hykes alionyesha Docker kwa dakika chache tu, na ghafla kila mtu akaona anaweza. Nembo yao ni nyangumi amebeba makontena mgongoni. Kwa hiyo picha yangu ya ukurasa wa tano haikuwa mbali sana, au vipi?

Hapo baba mdogo, aliyekuwa kimya na kashata yake, akauliza: "Kwa nini waliita kontena?"

Mshikaji akasema ni kwa sababu ya sanduku la meli, mzee, sanduku la kipimo kimoja, halijali ndani kuna nini.

"Sanduku silo tatizo," akasema baba mdogo.

Niwaeleze baba mdogo ni nani. Alifanya kazi bandarini Tanga zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kwenye matishari. Bandari yetu ni ya tangu enzi za Mjerumani, na kando ya gati kina cha maji kilikuwa kama mita 3 tu. Meli kubwa haiwezi kusogea. Basi inatia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja, tishari linakwenda, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa hadi gatini, mzigo unapakuliwa tena. Kazi moja mara mbili.

Sasa tazameni. Safari ya kwanza ya makontena inayosifiwa duniani ni ya Aprili 26, 1956. Meli ya Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean ilitoka Newark kwenda Houston na masanduku 58. Inasemekana gharama ya kupakia tani moja ilishuka kutoka dola 5.83 hadi chini ya senti 16. Masanduku yaleyale yalifika Tanga pia. Lakini miaka mingi baadaye, hapa kwetu, sanduku hilo la kupunguza gharama lilikuwa bado linashushwa mara mbili, likisubiri tishari, likisubiri bahari itulie. Sanduku lilikuwa la kisasa, gati halikuwa. Mabadiliko yalikuja na mradi ulioanza 2019. Wakachimba mlango na kando ya gati hadi mita 13, wakajenga gati la mita 450, kwa zaidi ya shilingi bilioni 429, na mwaka 2023 kazi ikawa imekamilika. Meli sasa inakuja hadi ukutani.

"McLean wenu alileta sanduku," akasema baba mdogo. "Sisi tulikuwa na sanduku. Hatukuwa na kina."

Mshikaji wangu akaweka kikombe chini. Nilimwona uso umebadilika, na ndipo akatuambia jambo ambalo nadhani hakupanga kulisema.

Kontena moja si kitu, anasema, hata wewe unaweza kuliwasha kwenye laptopu yako hapa. Shughuli ni pale taasisi inapokuwa na makontena mia tano kwenye seva thelathini. Nani anajua lipi liko wapi? Likifa saa nane usiku nani analiinua? Hapo ndipo linapoingia Kubernetes, lililotolewa na Google mwaka 2014. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. (Ona jinsi watu wa kompyuta walivyoiba msamiati wa pwani. Na sisi Waswahili tulikuwa nao kitambo: chombo ni sahani, chombo ni jahazi.) Wewe unaliandikia tu: nataka nakala tatu za programu hii ziwe hai wakati wote. Moja ikifa linawasha nyingine. Seva nzima ikizimika linahamishia mizigo kwenye seva zilizobaki. Ukitaka toleo jipya, linabadilisha nakala moja moja na mteja hahisi.

Nikamchokoza: si wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama? Akacheka. Kumbe wenyewe huweka manahodha watatu, na hawaendi mrama kwa sababu wanapiga kura, wengi wakikubaliana ndiyo amri. Akifa mmoja wawili wanaendelea. Wakifa wawili, aliyebaki hathubutu kubadilisha kitu. Wahenga hawakuwa na kura, sisi tunazo, tuachie hapo.

Halafu juu ya Kubernetes kuna majukwaa ya kuuziwa mashirika makubwa. OpenShift ya Red Hat ndiyo kampuni yao waliyonunua, wengine wana Rancher ya SUSE. Hapo unalipia leseni na mtu wa kumpigia simu, na unapata ghala la kutunzia vifurushi, ulinzi, kumbukumbu za matukio, ruksa za nani aguse nini. OpenShift kwa mfano, kwa kawaida yake inakataa kontena linalotaka kuingia na mamlaka ya mkuu wa mashine. Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat nzima kwa dola bilioni 34, na jukwaa hilo lilikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Kampuni yao ililipa, pakawa na keki, mkurugenzi akakata utepe mbele ya kabati la seva. Lakini mfumo wao wa malipo ulikuwa mmoja, mkubwa, wa zamani. Badala ya kuugawa wakausokomeza mzima ndani ya kontena moja. Na wenye ujuzi walikuwa wawili tu, mmoja akaondoka. Akabaki yeye.

"Kaka, nilikosea kitu kimoja," akaniambia. Kontena kwa asili yake ni la kupita. Likifa, kila lililoandika ndani yake linaondoka nalo. Taarifa za kudumu lazima ziwekwe nje, kwenye hifadhi yake. Yeye, kwa haraka na usingizi, sehemu moja akasahau. Usiku mmoja seva ikayumba, mshika usukani akafanya kazi yake sawasawa kabisa: akaua kontena lililougua, akawasha jipya, safi, zuri. Na tupu. Rekodi za malipo za saa nne zikapotea. Watu walikuwa wamekatwa pesa na kampuni haina habari. Wiki tatu walikaa wakilinganisha karatasi za benki, mstari kwa mstari, na hakuna aliyetangaziwa.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Akaitazama ile kalamu. "Usiandike kampuni."

Mnajua mtihani wa mwandishi ndio huu. Stori iko mezani, tena ingenirudishia heshima yangu yote. Lakini alikuwa anaongea na rafiki, siyo na gazeti. Niliirudisha kalamu mfukoni, na haya ninayoandika hapa yeye ameyasoma kwanza.

Msije mkadhani nasema mambo haya hayawezekani kwetu. Jirani zetu wa Safaricom, Septemba 2025, waliihamisha M-PESA ya Kenya kwenye jukwaa jipya waliloliita Fintech 2.0, walilosema limejengwa kwa mtindo wa wingu: miamala 6,000 kwa sekunde, na nafasi ya kufika 12,000. Walizima huduma saa chache za usiku, wakawasha, watu wakaamkia kununua mandazi. Lakini M-PESA ile ilianza 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani kabla hazijaletwa Kenya. Wamechimba kina chao kwa karibu miaka ishirini, na wana watu wa kutosha kulala kwa zamu. Mshikaji wangu hakuwa na wa kupokezana naye.

Baba mdogo aliuliza swali moja tu la mwisho, na nilijua lingekuja. Makuli wangapi wamepoteza kazi kwa hayo makontena yenu? Yeye aliona magenge ya watu yakipungua mmoja mmoja. Mshikaji akasema kwake ni kinyume, wanatafuta watu hawapati. "Mwanzo hata sisi tulitafutwa," baba mdogo akamjibu, akaagiza kahawa nyingine.

Ilikuwa kama saa tatu usiku simu ya mshikaji ikalia mlio mfupi. Akaisoma, akaifunika mezani.

"Kuna nini?"

"Kontena moja limekufa. Jingine limeshasimama."

"Na lile lililokufa," akauliza baba mdogo, "wanalizika wapi?"

Halizikwi, mzee, linafutwa. Baba mdogo akatikisa kichwa. Mshikaji hakucheka, aliigeuza tena simu na kuanza kukagua kitu, kidole kikipanda na kushuka, kahawa ikapoa. Nilimuuliza anaangalia nini, akasema anahakikisha tu rekodi zipo nje.

Makala nimeipeleka Jumatatu. Mhariri ameisoma mara mbili, amekata aya moja, na ameuliza tuweke picha gani. Nimemwambia tishari.