Simu na usukani

Jambo tunalotaka kuwasimulia leo ni dogo. Ni habari ya kishikio cha plastiki cha kuwekea simu katika motokari, ambacho tumekifunga sisi wenyewe nyumbani kwetu Lubumbashi, bila kumlipa fundi. Lakini jambo hilo dogo lilianza kwa hofu kubwa, na hofu hiyo imetufundisha neno ambalo hatukulijua, ijapokuwa tumeendesha miaka mingi.

Sisi ni wawili, mume na mke. Tuna motokari moja ya zamani iliyotoka Japani, yenye usukani upande wa kuume. Ninyi mkaao Katanga mwazijua motokari za namna hiyo, zimejaa barabarani. Huko zilikotoka watu hupita upande wa kushoto wa njia, lakini kwetu twapita upande wa kuume. Basi dereva wake hukaa karibu na majani ya kando, mbali na katikati ya barabara. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni vema kama kuna gari jingine linalokuja. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Kwa hiyo tumezoea kusaidiana: mmoja ashika usukani, mwingine amwambia, "Ngoja," au, "Pita sasa." Macho manne yafanya kazi moja.

Siku moja ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, tulikuwa tukienda Likasi kumtazama mama mzee aliyekuwa mgonjwa. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa 120 hivi, na njia ile ni njia ya malori makubwa yabebayo shaba na kobalti ya migodi. Simu tuliilaza karibu na gia, katika kishimo cha kuwekea kikombe, kama watu wengi wafanyavyo. Ikalia. Tukafikiri ni habari ya mgonjwa. Mmoja wetu akanyosha mkono, na mwingine naye akanyosha mkono; simu ikaponyoka, ikaanguka miguuni pa dereva. Tukainama wote wawili. Msituulize nani alikuwa ameshika usukani: kosa lilikuwa letu sote.

Tulipoinua vichwa, mbele yetu palikuwa na mtu akisukuma baiskeli yenye mifuko mitatu ya makala. Mguu ukatafuta breki, ukakanyaga simu kwanza. Motokari ikachelewa kupunguza mwendo, ikapinda, ikagusa mfuko wa nyuma. Baiskeli ikaanguka, makala yakamwagika mpaka majanini. Mtu yule alikuwa amekwisha kuruka pembeni aliposikia magurudumu yakilia, hakuumia. Tulishuka tukitetemeka. Tukaokota makala pamoja naye kwa mikono yetu, tukamlipa mfuko uliopasuka. Hakututukana. Alisema tu: "Baba, mama, mimi niliwasikia toka mbali, nikajiweka kando. Ninyi ndio hamkuniona."

Neno hilo lilituchoma kuliko matusi. Tena, tulipoitazama simu, tulikuta kwamba aliyepiga ni mama mzee mwenyewe. Alitaka tumletee mkate.

Jumamosi iliyofuata tukanunua kishikio sokoni, pamoja na chaja ndogo. Tulitaka kukifunga imara katika lile sanduku la katikati, lililo kati ya viti viwili, penye gia. Kioo cha mbele hatukukitaka, kwa sababu jua la kwetu huchoma sana, na joto kali huharibu betri ya simu. Kule chini kuna kivuli.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye saburi. Kwanza tulichukua spana namba 10, tukafungua waya wa hasi wa betri ya motokari, ili umeme usitembee wakati wa kazi. Halafu tukang'oa kifuniko cha sanduku pole pole kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi ya chuma hukwaruza, na vibanio vya ndani huvunjika upesi. Tulipoona ndani, tukaikuta skrubu moja iliyokuwapo tayari. Tukakata kipande cha bati la alumini, tukakikunja, tukakifunga chini ya skrubu ile, na juu yake tukakaza kishikio. Hivyo hatukutoboa tundu hata moja. Waya zenye viungio vya rangi ya manjano hatukuzigusa kabisa, maana hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa inayofura wakati wa kugongana. Asiye fundi asicheze nazo.

Chaja hugeuza umeme wa volti 12 wa motokari kuwa volti 5 za simu. Ya kwetu hutoa ampea 2 kwa volti 5, ndiyo wati 10. Basi kwa upande wa betri huvuta chini kidogo ya ampea 1. Kwa hiyo tulitia fyuzi ya ampea 3. Fyuzi ni kawaya kanakokubali kuungua ili waya nyingine zisiungue. Ukiiacha kwa kuwa wasema, "Ni simu tu," waweza kuichoma motokari nzima.

Tukafurahi sana. Lakini baada ya siku nne za kutoiwasha, motokari ilikataa kuwaka asubuhi. Tukamwita jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi. Akapima kwa taa yake, akacheka.

"Wanangu, mmefunga waya penye umeme usiolala."

"Mzee, tulitafuta waya wenye umeme, tukaupata."

"Mlipata ule ulio na umeme sikuzote. Betri yenu imekwisha kuzeeka. Kitu kidogo kikiinyonya mchana na usiku, itakufa. Tafuteni ule unaoamka kwa ufunguo."

Akatuonyesha waya wa redio, ambao hupata umeme ufunguo unapogeuzwa, na hukatika ufunguo unapotolewa. Tukahamisha. Kisha akatuamuru kusogeza mti wa gia toka mwanzo mpaka mwisho, na kuvuta breki ya mkono, ili tuone kama waya haukwami popote. Ulikuwa unakwama. Tukaupitisha chini ya kapeti, tukaufunga kwa utepe.

Tulidhani kazi imekwisha. Yule mzee akaingia akakaa kwenye usukani, akatazama mbele, halafu akatazama simu, halafu akatazama mbele tena. Akauliza: "Mmekifunga hiki ili mpate kusoma?" Hatukujibu. Akasema: "Kichwa changu kimeinama. Sasa njia naitazama kwa nini?"

Hapo tukaanza kufanya hesabu. Motokari iendayo kilometa 60 kwa saa hupita meta 17 hivi kwa kila sekunde. Ukitazama chini sekunde mbili tu, umekwisha kwenda meta 33 kama kipofu. Tulizipima kwa hatua katika mtaa wetu, toka mlangoni petu. Katika nafasi ile tulikuta mwanamke mwenye kuuza maandazi, watoto watatu wenye mpira, na mzee mmoja juu ya kiti chake. Hao wote tungaliwapita bila kuwaona.

Shauri hili si la leo. Simu ya motokari ni ya zamani kuliko simu ya mfukoni. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis, Marekani, watu walianza kupiga simu toka ndani ya gari. Vyombo vyake vilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, na ilimpasa mtu kumwomba mfanyakazi wa simu amwunganishe. Simu ya kushikwa mkononi ilijaribiwa New York mwaka 1973. Siku hizi iko mikononi mwa kila mtu, na kobalti iliyo katika betri zake, zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani hutoka nchini kwetu. Labda lori tulilolipita siku ile lilikuwa likibeba simu za kesho.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Kanada walitoa habari ya madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waliona kwamba wakati wa kuzungumza kwa simu hatari ya kugonga ilikuwa karibu mara nne. Tena waliona kwamba simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha usalama zaidi. Mkono ulikuwa huru, lakini akili ilikuwa kwingine. Hata mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara, ambayo nchi yetu imeyakubali, yaliongezwa neno mwaka 2006: sheria ya kila nchi imkataze dereva kushika simu gari likienda.

Basi, kishikio chetu ni kizuri? Ndiyo, ni kizuri, nasi hatukukiondoa. Simu haianguki tena penye breki, na betri yake haiishi njiani. Lakini tumejua sasa kazi yake ni ipi. Kishikio huufungua mkono, hakiyafungui macho. Mshika mbili moja humponyoka, na barabarani kile kinachoponyoka si simu sikuzote.

Kwa hiyo tulifanya mapatano ya nyumbani. Tukitaka kujua njia, twaitafuta kabla ya kuondoka, na simu itueleze kwa sauti. Ikilia, dereva haigusi. Mwenzake naye haigusi wakati wa kupita lori, maana yeye ndiye macho ya kushoto. Likiwa neno la haraka, twatafuta mahali pazuri, twasimama kando, ndipo twajibu. Mara nyingi twakuta ni neno la kungoja.

Mwezi uliofuata tulikwenda Likasi tena. Simu ililia mara mbili katika kishikio chake, ikanyamaza. Tulipofika, tulimwona mama mzee ameketi barazani, amepona. Tulianza kumwomba radhi kwa sababu hatukumjibu. Akatukatiza:

"Nyamazeni, wanangu. Zamani nilipokosa sauti yenu niliogopa. Sasa nikiikosa, najua mnatazama njia."

Mkate tulikuwa nao. Tulikuwa tumekwisha kuununua Lubumbashi, kabla ya kugeuza ufunguo.