Usukani Unapotetemeka: Somo Tulilolipata Pasua

Ukishuka kusini kutoka katikati ya mji wa Moshi, ukiuacha mlima mgongoni, unafika Pasua. Ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi, mahali penye nyumba zilizosogeleana, soko, mama lishe wanaouza mtori na ndizi nyama, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria kivulini. Joto la huku si la Kibosho wala Uru, na vumbi la kiangazi huingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Lakini asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, ukigeuza shingo unaiona Kibo yote, meta 5,895 juu ya usawa wa bahari, nyeupe na tulivu.

Wageni wanaokuja kupanda mlima hawana safari ya Pasua. Wao hupitia mjini, wakaelekea Marangu au Machame. Sisi kina mama wa kikundi chetu cha huko juu Uru tulishuka Pasua kwa sababu moja tu: gari letu lilikuwa linatetemeka, na tulitaka kujua kwa nini.

Gari la mlimani lina kazi nyingi

Msomaji anayeishi tambarare huenda asijue maana ya gari katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro. Barabara zetu nyingi zinapanda na kushuka kati ya migomba na kahawa, zinavuka mifereji na vijito, na mvua za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, huziacha na makorongo na mawe yaliyochomoza. Gari dogo hugusa tumbo. Ndiyo maana huku utakutana na Land Rover na Land Cruiser zilizozeeka, ambazo penginepo zingekwisha kuwa vyuma chakavu.

Letu ni Land Rover 110, ile yenye springi za mviringo, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1983. Alfajiri hushusha maziwa na ndizi mjini. Mchana hupandisha pumba, saruji na wanafunzi. Na usiku, mama akishikwa na uchungu, ndilo linalompeleka Mawenzi au KCMC. Kwa hiyo gari likiugua, si biashara peke yake inayolala.

Ugonjwa ulijitokeza kwenye barabara ya lami kutoka Himo kuja Moshi. Tulikuwa watu wanane, na mmoja wetu alikuwa amempakata mtoto. Mwendo ulikuwa kama kilometa 70 kwa saa. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo dogo ukingoni mwa lami, na mara usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono ya dereva haikuweza kuizuia. Gari zima lilitikisika, vioo vikalia, na madumu ya maziwa yakagongana nyuma. Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori.

Dereva wetu ni kijana mpole, na upole huo ndio uliotuokoa. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Alitoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili bila kushindana nao, akaacha mwendo upungue wenyewe. Tulipofika kwenye kilometa 40 hivi, mtikisiko ukakatika kama vile haukuwapo. Tukasogea pembeni, tukashuka, tukamshukuru Mungu.

Dawa zisizoponya

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alibadilisha shokapu ya usukani, ile inayolala mbele ya ekseli. Gari likatulia wiki tatu, kisha mtikisiko ukarudi mkali kuliko mwanzo. Fundi wa pili akasema matairi yote manne yamechoka, tununue mapya. Fedha za kikundi ni za michango ya kina mama, na ndani yake mna karo za watoto. Tukakaa kikao. Tukakubaliana kwamba gari lisibebe mtu mpaka ugonjwa ujulikane, ingawa kati yetu alikuwapo mama aliyebakiza wiki chache ajifungue, na njia ya kwetu mvua ikinyesha bodaboda haipandi. Uamuzi huo ulituuma, lakini tulikumbuka lile lori.

Ndipo jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja wa Pasua ambaye ametengeneza Land Rover tangu ujana wake. Gereji yake ni ua wenye mwembe, benchi la mbao, na sakafu ya udongo mweusi kwa oili ya miaka mingi.

"Shikamoo mzee," tulimsalimu.

"Marahaba, mama zangu. Karibuni. Haya, niambieni, linaanza lini?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ametuuliza. Alitaka kujua ni mwendo gani, barabara ya namna gani, na kama linaanza polepole au kwa kushtukia. Alitueleza kwamba usukani unaotetemeka kidogo kila ufikapo mwendo fulani, hata kwenye lami laini, mara nyingi unalalamikia magurudumu. Bali unaolipuka baada ya shimo au tuta, ukakataa kutulia mpaka gari likaribie kusimama, unasema kuna kitu kimelegea.

Jinsi alivyolipima

Alianza na vitu visivyo na gharama. Alikagua upepo wa matairi, akazikaza nati za magurudumu, kisha akaingiza mkono ndani ya rimu. Akatoa bonge la tope lililokauka, zito kama kipande cha tofali. Akacheka. "Hili mmelitoa kwenu Uru," akasema. Tope la mlimani hujibana ndani ya rimu upande mmoja, na gurudumu likizunguka kwa kasi huwa kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Magari mengi ya mteremko hupelekwa kufanyiwa balansi wakati yanachohitaji ni maji na brashi.

Baada ya hapo aliinua gurudumu moja kwa jeki, akaweka kigogo imara chini ya ekseli, kwa kuwa hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwambia kijana wake akanyage breki, akalitikisa tena. Bado likacheza. Alitufafanulia: kama kucheza kungekoma breki zilipokanyagwa, ugonjwa ungekuwa kwenye beringi za gurudumu. Kwa kuwa hakukukoma, ugonjwa ulikuwa kwenye beringi za kingipini, zile zinazoliwezesha gurudumu kugeuka kushoto na kulia. Kisha alilishika gurudumu pembeni, kushoto na kulia, akalitikisa ili kusikiliza ncha za tairodi. Hizo zilikuwa nzima.

Jaribio la tatu lilifanyika gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, mahali tambarare. Kijana aliwasha injini, akawa anageuza usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mzee aliinama akatuita tuangalie. Kwenye Land Rover za aina hii kuna fimbo nene ya chuma inayotoka kwenye fremu upande mmoja, ikavuka mpaka kwenye ekseli upande wa pili. Mafundi huiita panadi rodi. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende pembeni. Kila usukani ulipogeuzwa, tuliona kwa macho yetu ncha ya fimbo hiyo ikiruka ndani ya mpira wake. Bushi ilikuwa imeliwa, imebaki kama soli ya kandambili ya zamani.

"Mnaona? Ekseli inacheza ngoma yake, na usukani unacheza ngoma yake," alisema.

Kwa nini kitu kidogo kinatikisa gari zima

Dada zetu wanaofanya kazi hospitalini wanajua toroli lenye gurudumu bovu. Ukilisukuma polepole, linakwenda. Ukiharakisha, gurudumu la mbele linaanza kupigapiga kushoto na kulia. Gurudumu la gari linafuata kanuni hiyo hiyo, nalo huwa na tabia ya kurudi katikati lenyewe. Kila kitu kikiwa kimebana, linarudi na kutulia. Penye ulegevu, linapita katikati, likaenda upande wa pili, likarudi tena.

Fikiri pia mtoto kwenye bembea. Humsukumi kwa nguvu. Unamgusa tu kila anaporudi, naye anazidi kupanda. Shimo dogo huanzisha mguso wa kwanza. Kama mwendo wa gari unalingana na mdundo wa ekseli iliyolegea, kila mzunguko unaongeza mguso mwingine, mpaka mikono ya mtu mzima inashindwa.

Jambo hili si geni duniani. Katika miaka ya 1920, magari yalipoanza kutumia matairi manene yenye upepo mdogo na breki za mbele, watengenezaji wa Ulaya na Marekani walisumbuliwa nalo sana, wakaliita shimi kwa jina la dansi ya siku zile. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa, Georges Broulhiet, aliandika akionyesha jinsi mpira wa tairi wenyewe unavyochangia. Gari lolote lenye ekseli moja ngumu mbele linaweza kulipata. Land Cruiser za namna ya sabini, ambazo wengi wetu huziita mkonga, nazo zina ekseli hiyo na beringi za kingipini. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1999 zina springi za vyuma bapa mbele, na hazina panadi rodi ya kutunza ekseli. Basi kwao bushi za springi na bolti zinazoishika ekseli ndizo za kukaguliwa.

Na ile shokapu ya usukani? Mzee aliifananisha na dawa ya kutuliza maumivu. Ni kifaa cha lazima, lakini ikiwa mpya na ngumu huficha ulegevu kwa muda, huku bushi na beringi zikizidi kuliwa. Vilevile alionya dhidi ya kuinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha mlalo wa ekseli, kwa maana magurudumu hupoteza ile tabia ya kurudi katikati.

Matengenezo

Siku ya pili alifungua kingipini, akaweka beringi mpya. Kubana kwake hakukisii. Alitenganisha tairodi, akachukua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia nyama, akaifunga kwenye mkono wa gurudumu na kuuvuta ili aone ni uzito gani unaotosha kuugeuza. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, alipunguza kipande chembamba cha bati chini ya kingipini, akapima tena. Akapachika bushi mpya za panadi rodi, akahakikisha matundu ya bolti hayajapanuka, na bolti zake akazikaza mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu. Baadaye tulipeleka gari mjini kwa alaimenti na balansi. Spea zote hazikufikia bei ya tairi moja jipya.

Kwanza lilijaribiwa tupu, kwenye lami, kwa kilometa 50, 60, 70, na 80. Lilipita juu ya viraka na mashimo madogo, na usukani ulitulia. Baada ya wiki mbili za kushusha maziwa tu, tuliruhusu watu kupanda. Yule mama alipelekwa Mawenzi usiku wa manane, akajifungua salama mtoto wa kike.

Kwako msomaji

Huenda wewe huna Land Rover. Lakini unapanda gari la shule, la kikundi au la mumeo, na watoto wako wamo ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi yafaa kukumbuka machache:

Usukani ukianza kupiga, dereva aushike kwa mikono miwili, atoe mguu kwenye mafuta, asikanyage breki kwa ghafla, kisha asimame pembeni.

Asiendelee na safari kwa mwendo wa kawaida kwa sababu tu mtikisiko umekoma. Utarudi kwenye shimo lijalo.

Mweleze fundi ugonjwa unaanza lini, kwa mwendo gani na kwenye barabara ya namna gani. Maelezo hayo yana thamani kuliko kumwambia "usukani mbovu".

Baada ya masika, osha rimu kwa ndani kabla ya kulipia balansi.

Fundi akitaja spea ya kununua, mwombe kwa heshima akuonyeshe inavyocheza, gari likiwa mbele yako. Fundi mwema hatachukia. Atakuita uiname, uone kwa macho yako, ndipo ufungue pochi.