Kingamwili Iliyozaliwa Kabete

Lile duka la kona kule Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, limebomolewa, na ghorofa linapanda mahali pake. Hapo ndipo tulipokuwa tukisubiri basi la kazi kwenda ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, Kabete. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, aliyeuza mkate wa asubuhi na maziwa ya KCC ya pakiti za pembetatu. Kila tukipita aliuliza, "Ng'ombe wenu wamepona?"

Siku moja nilimweleza kwa kirefu. Ndigana kali huletwa na kupe, nikamwambia. Vimelea vyake huingia ndani ya chembe nyeupe za damu ya ng'ombe na kuzifanya zigawanyike bila kukoma. Chembe iliyoamshwa hivyo huota juu ya ngozi yake CD25, sehemu ya kipokezi kinachonasa intalukini-2, yaani ishara ya kuiamuru izaane. Ili tuitambue tunahitaji kingamwili inayoshika CD25 tu, isiguse kitu kingine. Mzee alisikiliza hadi mwisho huku akipima sukari, kisha akasema, "Basi fanyeni haraka. Ndama wanaisha."

Haraka haikuwepo. Wanasayansi Köhler na Milstein walikuwa wameonyesha njia kule Cambridge mwaka 1975: chembe za bandama ya panya aliyechanjwa huunganishwa na chembe za saratani, ukapatikana ukoo usiokufa unaotoa kingamwili ya aina moja. Kabete tuliifuata njia hiyo sahani baada ya sahani, vishimo 96 kwa kila sahani, katika chumba chenye joto kilichonuka spiriti na seramu ya ndama. Harufu hiyo iliganda kwenye sweta. Mke wangu aliitambua kabla sijavua viatu. Mtafiti Jan Naessens na wenzake walizichuja kingamwili za CD25 kwa kutumia chembe za panya zilizopandikizwa jeni ya kipokezi cha ng'ombe. Makala yao yalitoka mwaka 1992, nimeyakagua. Kazi yenyewe ilianza kabla. Miongoni mwa kingamwili hizo ni IL-A111.

Mwaka 1994 ILRAD iliunganishwa na ILCA, kituo cha mifugo cha Addis Ababa, ikazaliwa taasisi ya ILRI. Wenzangu wakastaafu, Hurlingham ikajaa magari na ghorofa.

Juzi mpwa wangu, anayesomea shahada ya uzamili, alinionyesha IL-A111 kwenye orodha ya bidhaa za ng'ambo. "Mjomba, hii ya Wazungu ni ghali, na nitaingoja wiki kadhaa." Niliumia. Amefundishwa kuiagiza, kuiyeyusha na kuipima, wala hakuna aliyemwambia kwamba ilitengenezwa Nairobi hii hii, na mikono ya Wakenya ikiwemo.

Nyinyi mnaoitumia leo, andikeni Kabete katika tasnifu zenu, na myataje makala ya 1992.