Jiwe la Samawati

Ni desturi ya wanadamu kupima uzuri wa kitu kwa bei yake. Mimi nami nilikuwa na desturi hiyo, mpaka mkufu mmoja na beseni la maji viliponifunza mengine.

Nilizaliwa Nyeri, katika nchi ya udongo mwekundu. Udongo wetu hustawisha kahawa na chai, lakini hauna huruma kwa shati jeupe. Kila Jumamosi mama yangu alifua sare zetu za shule, na katika maji ya mwisho alikoroga kipande cha buluu kilichofungwa kitambaani. Maji yaligeuka rangi ya milima ya Nyandarua ionekanavyo kwa mbali wakati wa jioni. Siku moja doa la buluu lilibaki katika ukosi wangu. Wenzangu walinicheka, nami niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba buluu yake ni kitu cha maskini. Hakunijibu neno. Jumamosi iliyofuata alilisuuza shati langu mara tatu.

Miaka ilipita nikapata kazi, na kwa mshahara wangu wa kwanza nilitaka kuyafuta maneno yale. Katika soko la Karatina alinijia mchuuzi mwenye mkufu wa mawe ya samawati. Aliniapia kwamba yale ni mawe ya lapisi lazuli, kutoka Afghanistan. Jina hilo nilikuwa nimelisoma vitabuni, na moyo wangu ulishtuka kwa furaha.

Yafaa kulieleza jiwe hili. Si yakuti samawi, ingawa watu huyachanganya. Lapisi lazuli halipitishi nuru. Ni la samawati iliyokolea, lenye mishipa myeupe na chembe zing'aazo kama dhahabu. Limechimbwa katika milima ya Badakhshan, kaskazini mashariki mwa Afghanistan, kwa zaidi ya miaka 6,000. Wafanya biashara walilichukua kwa safari ndefu mpaka Misri, na katika kinyago cha dhahabu cha mfalme Tutankhamun, kilichopatikana kaburini mwake baada ya mwaka wa 1922, jiwe hili limezunguka macho na kuchora nyusi. Wachoraji wa Ulaya nao walilisaga, wakalikanda pamoja na nta, utomvu na mafuta, wakatoa rangi waliyoiita ya ng'ambo ya bahari. Bei yake ilishindana na dhahabu. Kwa sababu hiyo mara nyingi waliiweka kwa kitu walichokiheshimu kuliko vyote, nalo ni joho la Bikira Maria.

Basi niliununua mkufu ule, wala sikubishana sana juu ya bei. Jumapili mama aliuvaa kwenda kanisani. Jua lilikuwa kali na njia ni ya kupanda. Tulipofika mlangoni niliona doa la samawati limeenea katika ukosi wa blauzi yake nyeupe. Jioni nilichovya pamba katika spiriti nikasugua jiwe moja: pamba ikawa ya samawati, na jiwe likabaki jeupe kama chokaa. Lilikuwa jiwe hafifu lililotiwa rangi. Wahenga walisema kweli kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Niliinamisha kichwa kwa aibu. Mama alicheka, akasema, "Usihuzunike, mwanangu. Doa la ukosi nalijua dawa yake." Akaleta beseni, akaifua blauzi yake, na katika maji ya mwisho akatia buluu.

Baadaye nilitafuta kujua buluu ile ni kitu gani, na nilichokipata kilinistaajabisha. Mwaka wa 1824 chama kimoja cha Ufaransa kiliahidi zawadi ya faranga 6,000 kwa mtu atakayeweza kuitengeneza rangi ya lapisi lazuli kwa gharama ndogo. Zawadi ilitolewa mwaka wa 1828 kwa Jean-Baptiste Guimet. Rangi hiyo huundwa kwa kuchoma udongo mweupe, magadi, salfa na makaa katika tanuri, na kiini chake ni kile kile kilicho ndani ya jiwe la Badakhshan. Rangi ya wafalme ikawa rahisi, hata ikafungwa katika vipakiti vidogo na kuuzwa madukani kwa kufulia nguo. Kitambaa cheupe hugeuka manjano kwa uzee. Buluu huificha manjano ile, na jicho huona weupe.

Kumbe nilipokwenda sokoni kutafuta samawati ya kweli, nilirudi na ya uongo, na ile ya kweli ilikuwa nyumbani kwetu siku zote, katika mikono ya mama. Wachoraji waliitumia kumvika Bikira Maria. Mama aliitumia kunivika mimi, ili nisimame mbele ya wenzangu bila aibu. Nami ndiyo niliyoiita ya maskini.

Nilimweleza mama habari hizi zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kamba ya nguo ambako blauzi yake ilikuwa ikipepea, nyeupe kabisa. Nilimwomba radhi kwa maneno ya utotoni. Alinijibu kwamba alikwisha kuyasahau. Sikumwamini, maana nilikumbuka ile suuza ya mara tatu. Lakini nilijua kwamba amenisamehe.