Barua kwa Mpwa Wangu wa Tabora

Asembo Bay,
Julai

Okewa, mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nimekaa kivulini kando ya mtumbwi. Omena imefungwa tangu Aprili hadi mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo muda ninao. Unataka bunduki tatu: ya marisau kwa kanga, ya kati kwa swala, na .375 kwa nyati. Na unaniomba nikuongezee fedha.

Sijawahi kumpiga mnyama risasi. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Huko kwenu uliruhusiwa tena mwaka 1978. Ninachokijua mimi ni nyavu, na naona swali lako ni lile lile letu la ufukweni.

Ni kweli kila samaki ana wavu wake. Wa omena, mnayemwita dagaa, una matundu ya milimita 10. Wa ngege ni inchi 5. Mbuta, sangara wenu, anataka matundu makubwa zaidi na uzi mnene; akiwa mkubwa na akaingia kwenye wavu wa ngege, anauchana na kwenda zake. Anayedai chombo kimoja kinafaa kwa yote anatuletea kokoro, linalozoa hadi vifaranga, nasi tumeona lilivyotuachia maji matupu.

Lakini sikiliza na haya. Miaka ya 1980, mbuta alipojaa ziwani na viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, nilinunua nyavu za kila aina, na ndoana, na taa za karabai. Mikono ilikuwa hii hii miwili. Za ngege zilitoboka nikakosa wakati wa kuzishona. Za mbuta nilizitega mahali nisipoujua mkondo wake, na asubuhi sikuzikuta. Wavu uliopotea hauachi kunasa, mwanangu. Samaki wanaingia humo wakaoza, hakuna anayewala. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kuliko fedha zilizopotea.

Kwako haitakuwa wavu uliopotea. Itakuwa risasi za bunduki mbili zilizochanganyika mfukoni, au nyati aliyejeruhiwa akiwangoja vichakani wewe na wenzako.

Umenitajia Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Mfano huo usiutegemee. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Kilichomwezesha ni kujua, bunduki ikafuata. Wewe nyati umemtaja mara moja tu katika kurasa nne. Swala umemtaja kila ukurasa.

Basi nunua ile ya swala. Ibebe misimu miwili au mitatu, mpaka uijue gizani kwa vidole, ujue inavyopiga asubuhi ya baridi na inavyopiga umechoka. Nyati akipita, mwache apite. Mwenye bunduki moja lazima akubali kuwaacha wanyama wengine, na hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Mimi siku hizi natega wavu wa ngege peke yake. Mbuta huruka mbele yangu na sinyanyui kitu.

Ikifika siku una kazi nyingine kabisa, kanga wanamaliza mahindi ya mama yako kwa mfano, tutazungumza habari ya marisau. Hiyo itakuwa haja ya shamba, si ya dukani.

Fedha nitakutumia Agosti, omena ikifunguliwa. Zitatosha bunduki moja, leseni yake na kabati la chuma lenye kufuli. Ufunguo akae nao mama yako, maana wadogo zako wameshafikia umri wa kupanda juu ya viti. Mwambie dada yangu namsalimu, na kamongo mkavu aliyemwagiza nimemfunga tayari.

Mjomba wako