Andazi la Makambako

Ndugu msomaji, ukitoka Iringa kwa barabara kuu iendayo Mbeya, utafika mahali ambapo wasafiri huagana. Waendao Mbeya na Zambia hushika njia ya mbele. Waendao Njombe na Songea hupinda kushoto. Hapo ndipo Makambako. Reli ya TAZARA nayo hufika hapo hapo, baada ya kupanda milima kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja mengi. Msafiri hushuka ana njaa na baridi, na mara nyingi kitu cha kwanza anachonunua ni andazi la moto.

Reli hiyo ilianza kujengwa mwezi Oktoba, 1970, ikakabidhiwa Julai, 1976, ikiwa na urefu wa kilometa 1,860. Maelfu ya mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega na wananchi wa Tanzania na Zambia. Huko kwao unga wa ngano umepewa heshima kubwa. Kaskazini mwa Uchina huumuliwa na kupikwa kwa mvuke, ukawa mkate mweupe na laini. Tena kwa sikukuu ya mwezi mpevu, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya kale, hutengenezwa vikate vyenye nakshi, vilivyoshindiliwa katika kalibu za mbao. Wako wazee waliorithi kazi hiyo kwa baba zao, nao wakawarithisha wana.

Wale mafundi walimaliza kazi ya reli wakarejea makwao. Lakini kama wataka kuona jamaa walioshika kazi ya unga kwa mikono, huna haja ya safari ya Uchina. Amka saa kumi alfajiri, hapo Makambako au huko Njombe, kilometa zipatazo 60 mbele, ufuate harufu ya iliki. Bisha hodi, amkia "Kamwene", utakaribishwa jikoni.

Huko utajifunza kwamba baridi ni adui wa hamira. Mwezi wa Juni na Julai, Njombe hushikwa na baridi kali, hata umande ukaganda majanini. Donge ambalo Dar es Salaam lingeumuka kwa muda mfupi, hapa hulala bila kujongea. Kwa hiyo mama hukanda tangu jioni, akalifunika beseni kwa kanga na blanketi, akaliweka karibu na mafiga yenye joto. Alfajiri hulibonyeza kwa kidole: likirudi polepole, liko tayari. Kisha binti hukata, kaka huchochea kuni, na mdogo wao hupanga ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Usidhani ni kazi nyepesi. Ngano hulimwa katika nyanda hizi, lakini sehemu kubwa ya ngano itumikayo nchini hutoka ng'ambo. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, mtikisiko wake ulifika hata kwenye karai la mama huyu. Alikuwa na njia tatu: kupandisha bei na kukimbiwa na wateja, kupunguza donge na kulaumiwa, au kuzidisha hamira, ili andazi livimbe kwa upepo na mnunuzi asitambue hadi aliume. Njia ya tatu ndiyo rahisi, nayo ndiyo iuayo kazi. Maana binti anayetazama hujifunza pia hila, na siku ya kurithi hana cha kurithi isipokuwa upepo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ufundi wa mkono haukai katika karai wala katika mfuko wa unga. Hukaa kwa mtoto aliyesimama kando ya beseni akaona lifanywalo kwa haki.

Basi, ndugu msomaji, safari ijayo gari likisimama Makambako, nunua andazi, uliume ukiwa bado hapo. Ukilikuta limeshiba unga, mwambie yule binti kwamba limepikwa vizuri. Atakaporudi nyumbani na ndoo tupu, atamfikishia mama yake maneno hayo pamoja na fedha.